Simoni wa Tabaka

Ukishaipita Sotik barabara huanza kupanda, na kabla hujafika Keroka macho yameshajaa kijani: migomba, chai, mabati ya nyumba, migomba tena. Mimi mtu wa pwani nilishangaa kuona mahindi yamepandwa hadi ukingoni mwa lami. Keroka yenyewe iko mpakani, upande huu Kisii, upande ule Nyamira, na makanga aliita abiria wa kaunti zote mbili kwa pumzi moja.

Nilitumwa na parokia yetu kuagiza Njia ya Msalaba, vituo vyote 14, katika jiwe laini la Kisii. Jiwe hilo linachimbwa Tabaka. Huko mlio wa panga juu ya mwamba unakupokea kabla hujamwona mtu. Wanaume wanachimba na kuchonga. Akina mama wamezunguka mabeseni wakisugua sanamu kwa msasa, na maji yamekuwa meupe kama tui. Jiwe likiwa bado na unyevu linakubali hata kisu cha jikoni.

Mchongaji niliyeelekezwa kwake alikuwa na sampuli ya kituo cha 5, Simoni anapobebeshwa msalaba wa Yesu. Nilimtarajia Simoni Mkirene wa picha za kanisani kwetu, mpole, mkono begani mwa Yesu. Huyu amegeuza shingo anamkabili askari, kiganja wazi.

"Mzee, mbona anagomba?"

"Kwani alijitolea?" alinijibu bila kuinua macho. "Anatoka shamba, ana njaa, wanamkamata."

Nilipofungua Biblia jioni nilikuta mzee hakukosea. Mathayo, Marko na Luka wote wanaonyesha kwamba hakuombwa. Yohana anamruka kabisa, kwake Yesu anaubeba msalaba mwenyewe. Marko peke yake anaongeza kuwa alikuwa baba wa Iskanda na Rufo, bila kueleza ni akina nani, kana kwamba wasomaji wake wanawafahamu vijana hao. Mwaka 1941, katika bonde la Kidroni, Eleazar Sukenik alikuta kaburini sanduku la mifupa, la jiwe, lenye jina la Aleksanda, yaani Iskanda, mwana wa Simoni. Labda ndiye, labda majina yamegongana. Akina Simoni walikuwa wengi. Kirene iko Libya ya leo, na Wayahudi waliishi huko kwa vizazi. Kwa hiyo mahubiri yanayomfanya Mwafrika mweusi aliyejitolea kwa moyo yanampa sifa mbili ambazo Injili haikumpa.

Jumamosi nilikuwa Nyamira, maduka mengi yamefungwa. Hii ni nchi ya Waadventista wa Sabato. Misheni yao ya Nyanchwa, mjini Kisii, ilianza kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwenyeji wangu, mzee wa kanisa hilo, hana shughuli na vituo 14. Lakini nilipomtajia Simoni aliweka kikombe chini.

"Babu yangu alibebeshwa."

Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, wakapigana na Waingereza, wakarudi walikotoka. Baadaye serikali ilikamata vijana wa Abagusii, kabila la huku, kama ilivyokamata wa makabila mengine, ikawatia katika Kariakoo, jeshi la wapagazi, kubeba risasi na unga hadi nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Njaa na kuhara viliua wengi kuliko bunduki.

"Alirudi?" niliuliza.

"Alirudi, akaoa. Hakusimulia. Sisi tunamjua kwa watoto wake tu."

Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna mwinjili aliyeligusa: Simoni alilipwa? Kwake halikuwa swali la mzaha. Mishahara ya wapagazi wengi waliofia njiani haikuwafikia jamaa zao. Serikali ya kikoloni ilibaki nayo.

Nimerudi Tabaka kulipa malipo ya kwanza. Kituo cha 5 nimeagiza kichongwe vilevile, shingo imegeuka na kiganja wazi. Padri akikataa, nitamsomea Marko.