Storm mpya: mgeni aanze kusoma?

Swali ninaloulizwa sana na wadogo zangu hapa Shelui, hasa waliomjua Storm kupitia filamu, ni hili: huyu dada ana katuni mpya, mtu ambaye hajawahi kusoma hata toleo moja aanze nazo, au atapotea njiani? Jibu langu: aanze. Na sababu zangu siyo zile za mashabiki wa siku nyingi.

Kwanza hesabu. Storm, jina lake Ororo Munroe, alitokea mara ya kwanza mwaka 1975 kwenye Giant-Size X-Men namba 1, kazi ya mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Hiyo ni nusu karne ya vita, ndoa, talaka na watu kufa wakafufuka. Ukisema usome yote kwanza, utazeeka hujafika. Mfululizo huu ulianza Oktoba 2024, ukahesabiwa upya kutoka namba 1. Mwandishi ni Murewa Ayodele, Mnigeria, na mchoraji ni Lucas Werneck. Unafungua na mlipuko wa kinu cha nyuklia Oklahoma City: Storm anaokoa watu, halafu mionzi inamdai yeye mwenyewe. Hapo huhitaji historia. Jua tu kwamba mwanamke huyu anaamrisha mvua, upepo na radi, kwamba amezaliwa hivyo, na kwamba wapo wanaomchukia kwa hilo.

Halafu sisi kuingia hadithi katikati hatujaanza leo. Magazeti ya Sani yalinifikia yakiwa yameshapita mikono kibao, jalada hakuna, toleo lililopita hulijui na lijalo hulipati. Nilisoma, nikacheka, palipokosekana nikajaza mwenyewe.

Ila kuna toleo moja la zamani ningependa ulitafute, hilohilo la 1975. Humo Storm yuko Kenya, watu wanamwona mungu wa kike, wanamwomba awaondolee ukame. Baadaye tukaambiwa mama yake, N'Dare, ni binti wa kifalme wa Kenya, jina ambalo mimi sijalisikia kwa Mkenya yeyote. Kijiji kile kilichorwa kutoka mbali, na inaonekana. Macho yote yako kwake; wanakijiji wapo ili waombe, basi.

Na hapo ndipo msomaji wa Shelui anapomzidi shabiki wa Chicago. Huku mvua ni msimu mmoja. Ikikata mapema, alizeti inanyauka na mtama unafuata. Lakini hebu uliza kila mtu anaitaka lini. Mwenye shamba anaitaka leo. Aliyeanika vitunguu hataki hata wingu. Mwenye duara la dhahabu kule Sekenke anaiogopa, maana maji yakiingia chini, kazi imekwisha na roho za watu ziko hatarini. Dereva wa lori anayeukaribia mteremko wa Sekenke anaomba lami ibaki kavu. Wote hao utawakuta kwa mama ntilie mmoja, asubuhi moja. Sasa atokee dada mwenye nywele nyeupe aulize, "Niilete?" Watu watabishana mpaka jioni.

Kwangu mimi hilo ndilo swali kubwa la Storm, kuliko ngumi zote: mwenye uwezo wa kuwapa watu mvua anampa nani, nani anaumia, na yeye mwenyewe analipa nini? Ukiwa na swali hilo kichwani, wewe siyo mgeni tena. Umelelewa nalo.

Sitakuficha ugumu. Katuni ni ya Kiingereza, inauzwa kwa dola, na bando halijihurumii. Mashujaa wengine wanaingia bila hodi, kama vile mlisoma nao shule. Dawa yake ni ndogo: changeni watu wanne au watano, someni pamoja kwenye simu moja, anayekijua Kiingereza aeleze. Jina usilolijua lipite. Likiwa na umuhimu litarudi lenyewe.

Na kama wewe ni binti unayechora pembeni ya daftari la jiografia, usisome tu. Kijiji kile cha 1975 kinasubiri mtu anayejua kwamba watu wanaoomba mvua hawaombi kitu kimoja.