Gunia Sita za Babu: Safari Yetu ya Kondoa



Kila sifa njema zinamstahiki Allah (S.W.), anayeteremsha mvua na kuotesha nafaka. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, likizo ya mwezi wa Juni sisi wanafunzi wanane wa darasa la fiqhi tulifuatana na ustadhi wetu kwenda kwao Kondoa, kilomita zipatazo 160 kaskazini ya Dodoma mjini. Huko mvua ni za msimu mmoja tu kwa mwaka. Zikikatika mapema, hakuna mvua nyingine za kumwokoa mkulima kama ilivyo kwetu Pwani. Ndiyo maana, pamoja na mahindi, wenyeji hulima mtama na uwele, nafaka zinazovumilia ukame.

Tulipokewa na wazazi wa ustadhi, ambao tuliwaita Babu na Bibi. Usiku wa kwanza tuliandaliwa ugali wa uwele na mlenda. Sisi tuliozoea wali na samaki tulimega tonge mbili tatu, tukasema tumeshiba. Bibi hakusema neno. Baada ya sala ya Alfajiri tulimkuta jikoni akila kile kiporo chetu kwa chai ya rangi. Tulitazamana, tukaondoka kimya.

Siku hiyo tulikwenda uani kupukuchua mahindi. Kabla ya Adhuhuri vidole gumba vyetu vilikuwa vimeota malengelenge. Wasichana wa pale, wadogo kuliko sisi, walipura uwele kwa fimbo, kisha wakaupepeta kwa ungo huku wakiufuata upepo. Punje zilizoruka nje ya turubai waliziokota moja moja. Walitueleza kuwa kabla ya mavuno hushinda shambani kutwa nzima wakifukuza ndege kwa makombeo, kwani kundi moja la kwelea kwelea likishuka, suke halibaki na kitu.

Siku ya tatu Babu alipima mahindi yake. Yalitimia gunia sita za kilo mia mia. Hapo tukaona zamu yetu ya kuonyesha elimu imefika. Tulikuwa tumesoma kuwa Mtume (S.A.W.) alibainisha kwamba mazao yasiyofika wasaki tano hayana zaka. Wasaki moja ni pishi 60, ile ile pishi ya vibaba vinne tunayoitolea Zakatul-Fitri. Kwa hiyo nisabu ni pishi 300, na wapo wanavyuoni wanaoikadiria kuwa kilo 653. Yakifika hapo, yaliyooteshwa kwa mvua hutolewa fungu moja katika kumi, na ya kumwagilia kwa gharama fungu moja katika ishirini.

Mwenzetu mmoja akasema kwa furaha, "Babu, kilo 600 hazijafika nisabu. Hudaiwi kitu!"

Babu alitabasamu. Alichukua debe, akalijaza mahindi mpaka likawa na kilele, akatuambia tumpelekee mama mjane wa nyumba ya pili, ambaye shamba lake lilikauka kabla ya kuzaa.

"Hesabu yenu ni sawa, wajukuu zangu," alisema. "Zaka haijanifika. Lakini yule mama naye ana hesabu yake: watoto wanne na kihenge kitupu."

Tulilibeba debe lile kwa zamu. Yule mama alipolipokea aliomba dua ndefu, nasi tukaitikia amin huku tukikumbuka ugali tuliouacha. Darasani tulikuwa tunajibu, "Chini ya nisabu, hakuna kitu," tukapata alama zetu. Kumbe nisabu imewekwa ili masikini asidaiwe asichokiweza, wala haikuwekwa ili jirani asahauliwe. Zaka ina kipimo chake, lakini sadaka haina kiwango cha chini.

Usiku wa mwisho Bibi alipika tena ugali wa uwele. Tulikula mpaka sinia likabaki jeupe, naye akacheka.

Tangu tuliporudi, darasa letu limeweka ndoo yenye mfuniko karibu na mlango. Kila Alhamisi mwenye uwezo hutia kibaba kimoja cha mchele au unga, na mwisho wa mwezi tunawapelekea majirani wenye haja. Ni kidogo, lakini Babu naye alianza na debe moja. Wewe msomaji, kabla hujasema umeshiba, tazama kilichobaki kwenye sahani yako, kisha ukumbuke vidole vilivyokipukuchua.

Wabillahi tawfiq.