Doti Mbili na Shubiri Moja

Tuliondoka Kayanga alfajiri, akina mama watano na cherehani moja iliyofungwa kamba nyuma ya gari. Ulikuwa mwezi wa Julai, na kila aliyewahi kulala Karagwe mwezi huo anaijua baridi yake. Nchi yetu iko juu, zaidi ya mita 1,500, na usiku wa kiangazi blanketi moja halitoshi. Safari yetu ilitokana na baridi hiyo hiyo. Wenzetu wa usharika mmoja upande wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, walikuwa wametuita tuwafundishe kushona mablanketi ya vipande, wayapeleke kwa wajawazito wanaokaa mbali na nyumbani wakingojea siku zao.

Omurushaka tulisimama kunywa chai, kisha tukaishika njia ya Murongo. Hadi mwaka 2012 Kyerwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe, na wengi wetu bado ulimi unateleza, tunaita kote Karagwe. Hata kwa macho hutaona mpaka. Ni migomba ile ile, na kahawa imeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba, kuku wakifukuzwa na watoto. Vumbi lilituingia hadi kwenye meno.

Mtindo tuliokwenda kuufundisha unaitwa Nyumba ya Magogo. Ulipendwa sana Marekani tangu miaka ya 1860. Katikati ya kila mraba kuna kipande kidogo, mara nyingi chekundu, ambacho wenyewe husema ni moto wa nyumbani. Kanda nyembamba hukizunguka moja baada ya nyingine, kama magogo yanavyopandishwa ukutani. Pande mbili zinazopakana huwa za rangi hafifu, na mbili nyingine za rangi iliyokoza. Tulipowaeleza habari ya moto wa katikati, bibi mmoja alicheka akasema hata msonge wa wazee ulikuwa na moto ndani, ila sisi tulijenga duara.

Kabla ya yote tuliwasimulia aibu yetu, maana hatukutaka waipate wao. Mwaka uliotangulia tulianza blanketi letu la kwanza kwa fedha za kisanduku, na fedha hizo zilitokana na maandazi na ndizi za akina mama, si fedha za mchezo. Tulipima kitanda: sentimita 150 kwa 210. Tukanunua mita tatu za kitenge chenye upana wa sentimita 110, tukapiga hesabu kwamba kitabaki kidogo. Tulihitaji miraba 35. Tulipofika mraba wa 19 kitambaa kikaisha, na dukani rangi ile haikuwapo tena.

Kosa lilikuwa wapi? Tulipima kitanda tukasahau mishono. Sisi wauguzi tungejua. Ni sawa na kuhesabu dawa ya maji bila kukumbuka ile inayobaki ndani ya mpira. Ukanda unaoonekana juu ya blanketi una upana wa sentimita tatu, lakini lazima ukatwe sentimita tano, kwa kuwa kila upande mshono unameza moja. Ukiongeza na kupungua kwa miisho, blanketi la mita za mraba tatu na kidogo linakula karibu sita.

Basi hesabu tuliyokwenda nayo Nkwenda ni hii. Kipande cha katikati kikatwe sentimita nane kwa nane, ili kikishashonwa kibaki sita. Kizungushie kanda mara nne, utapata mraba wa sentimita 30. Mraba mmoja unahitaji ukanda hafifu wa jumla ya sentimita 148 na uliokoza wa sentimita 172. Uliokoza unazidi kwa sababu unakuja nyuma, na anayekuja nyuma huzunguka mbali zaidi. Zidisha kwa 35, gawanya kwa upana wa nguo yako. Kwa nguo ya sentimita 110 ni kanda 48 hafifu na 55 zilizokoza, kabla ya kuongeza za akiba.

Akina mama wa pale hawakuwa wamenunua kitu. Walileta khanga zao. Hapo hesabu ikawa rahisi kuliko tulivyotarajia: khanga yenye urefu wa mita moja na nusu, ikikatwa kwa upana, inatoa kanda 30. Kwa hiyo khanga mbili hafifu, mbili zilizokoza. Zilizokoza zinatosha kwa tabu, mkasi usiteleze. Zilizochakaa katikati tuliziacha, hata kama mwenyewe alizileta kwa moyo, maana zingepasuka zikifuliwa mara ya tatu. Khanga mpya zilirowekwa kwanza na kuanikwa, ili zisinywee baadaye na kuvuta blanketi zima.

Ikabaki nyekundu ya katikati. Mama mmoja, aliyekuwa amekaa kimya tangu asubuhi, alifungua mfuko wa plastiki akatoa khanga nyekundu iliyokunjwa vizuri. Ilikuwa ya binti yake aliyefariki kwa uzazi. Alisema ikatwe yote, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya wazazi. Hakuna aliyeshika mkasi. Sisi tuliotoka Kayanga tulitazamana, na tukaona haya kwamba tulikuwa na haraka ya kurudi kabla ya giza.

Tukapiga hesabu upya, polepole, mbele yake. Vipande vya sentimita nane, kwenye upana wa 110, vinaingia 13 kwa mstari. Mistari mitatu ni vipande 39, nasi tunataka 35. Mistari mitatu ni sentimita 24 tu. Bibi wa msonge alinyoosha mkono juu ya khanga akapima kwa mtindo wa zamani: shubiri moja na vidole viwili. Tukakata mwisho mmoja, upande wa pindo fupi. Jina la khanga, lililoandikwa katikati, halikuguswa.

Mama yule alilisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kisha akaomba cherehani aanze yeye. Mraba wa kwanza ulipinda kidogo, tukauacha hivyo hivyo. Kufikia saa tisa miraba sita ilikuwa imekamilika. Akajifunga ile khanga iliyobaki, ikamfika vizuri tu kiunoni, akaenda jikoni kuangalia ndizi.