Mtoto wa Vita ni Mtoto Wetu

Mimi ni mwenyeji wa Bagamoyo. Nilipokuwa mtoto tulipata wageni. Walikuwa vijana kutoka Msumbiji. Nchi yao ilitawaliwa na Wareno. Mwaka 1964 chama cha FRELIMO kilianza vita vya kudai uhuru. Watu wengi walivuka mto Ruvuma, wakakimbilia Tanzania. Watoto walikuwa wengi kati yao.

Mwaka 1970 FRELIMO walifungua shule ya sekondari hapa Bagamoyo. Wanafunzi walisoma, na pia walilima shamba. Watoto wadogo walikuwa na shule yao huko Tunduru.

Kijana mmoja wa shule ile alizoea kuja kwetu. Alitoka upande wa Mueda, katika jimbo la Cabo Delgado. Alikuwa Mmakonde, na Kiswahili alikijua.

Alitueleza safari yake. Ndege za Wareno zilipiga mabomu kijijini kwao. Watu walitawanyika. Yeye alimfuata shangazi yake. Mchana walijificha porini. Usiku walitembea. Walikula mizizi. Walivuka Ruvuma kwa mtumbwi. Mama yake hakumwona tena.

Siku moja ndege ilipita juu ya nyumba yetu. Sisi watoto tulitoka mbio kuitazama. Yeye alilala kifudifudi chini ya mkorosho. Mama alikwenda akakaa chini karibu naye. Hakumwuliza kitu. Ndege ilipokwisha kupita alimwambia, "Inuka, mwanangu. Njoo unikunie nazi." Aliinuka. Mikono ilikuwa ikitetemeka, lakini alikuna nazi mpaka ikaisha.

Mtoto aliyetoka vitani anahitaji chakula na mahali pa kulala. Hayo tunayajua. Lakini anahitaji pia shule. Vita vimemharibia siku zake. Hajui kesho atakuwa wapi. Shule inampa siku yenye utaratibu: kengele, somo, shamba, chakula, kulala. Tena anahitaji mtu mzima asiye na haraka naye.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni, 1975. Kijana yule alirudi kwao na madaftari yake yote. Alisema kwanza atamtafuta mama yake. Hatukupata habari zake tena.

Mwaka 2017 vita vilianza tena katika jimbo lile lile la Cabo Delgado. Watoto walikimbia tena. Na huko Kigoma, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Watoto wengi wamezaliwa humo humo kambini.

Ndugu msomaji, mtoto wa namna hiyo akifika kijijini kwako, mpe chakula. Mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, aandikwe. Saidia apate shule. Usimharakishe kueleza habari za vita. Atasema mwenyewe akiwa tayari. Mpe kazi ndogo ya nyumbani, kama watoto wako. Na umwite mwanangu.