Toleo Gani, na Mpaka Lini?

Enzi za steshenari yetu Mwanza, hakuna aliyeuliza toleo la Windows. Fundi alikuja na CD yake iliyoandikwa kwa maka peni, akapiga windo, akachukua chake, akaenda. Kila mashine ilikuwa na XP, ile iliyotoka mwaka 2001.

Vista ilipoingia mwaka 2007 tukaanza kuchagua. Vista Home Premium ilitaka RAM ya GB 1. Zetu nyingi zilikuwa na MB 256. Tukabaki na XP, na hata Windows 7 ilipotoka mwaka 2009 tuliiweka kwenye mashine moja tu, iliyokuwa mpya. Tuliangalia wepesi, basi.

Kilichonigeuza mawazo ni flashi. Wanachuo walileta kazi zao kuchapa; ukichomeka tu, mafolda yote yamegeuka shotikati. Mafaili yenyewe yapo, ila yamefichwa. Nilizoea kufungua lile dirisha jeusi na kuandika attrib -h -r -s /s /d, nikisubiri huku mwenye utafiti wake amesimama nyuma yangu kimya, mpaka folda ichomoze na yeye ashushe pumzi. Wakati huo kirusi kimeshahamia kwenye kompyuta yetu, kinamngoja mteja mwingine. Hilo liliniuma sana, maana watu walituamini.

Rafiki akaniletea CD ya mfumo endeshi wa Ubuntu, zile zilizotumwa bure kwa posta na kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Nikaiweka kwenye mashine ya pembeni, na kila flashi ikawa inaanzia pale. Virusi vile vya Windows havikufurukuta humo. Nilivifuta kwa mkono.

Ubuntu ndiyo iliyonifunza kuangalia tarehe. Toleo la 10.04 ni la Aprili 2010, na yale ya LTS, yaani ya kuhudumiwa muda mrefu, yanayotoka kila baada ya miaka miwili, siku hizi hupewa masasisho ya usalama kwa miaka mitano. XP masasisho yaliikatikia tarehe 8 Aprili 2014, na bado niliikuta madukani muda mrefu baadaye.

Windows 10 nayo imefikia ukomo wake tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai teknolojia ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Kwa hiyo ukiuziwa laptopu ya mtumba, usiridhike kuambiwa imepigwa windo mpya. Muulize muuzaji ni toleo gani, na masasisho yake yanaisha lini.