Kwa Baisikeli Toka Muheza Hata Amani

Mwezi wa Julai uliopita mjukuu wangu, kijana wa miaka 17 aliyezaliwa na kulelewa Dar es Salaam, alikuja kwetu Muheza kukaa majuma matatu. Siku ya nne alikuwa amekwisha choka. Nalimsikia akizungumza na mwenziwe kwa simu, akasema, "Huku hakuna kitu, ni michungwa tu." Neno lile halikunikasirisha, lakini lilinichoma, maana nalifundisha shule miaka zaidi ya 30, na watoto wa watu nimewaeleza habari za nchi hii, ila mtoto wa mwanangu sikumweleza. Jioni nikamwambia, "Kesho utatengeneza baisikeli mbili zilizo ghalani. Kesho kutwa twende tukakitazame hicho kisichokuwapo."

Akaniuliza, "Babu, kwa nini tusipande bodaboda? Tutafika upesi."

Nikamjibu, "Apandaye bodaboda huona mgongo wa dereva."

Basi akatengeneza. Akatia viraka mahali pane, akapaka mafuta minyororo, akafunga karia kwa kamba. Tukachukua pampu, spana, viraka na chupa ya solusheni, maji ya kunywa, machungwa, na mihogo ya kuchemsha. Nalimwona akikagua breki za baisikeli yangu kwa uangalifu sana, kwa kuwa mimi ni mzee. Za kwake akazigusa tu akaziacha. Nikanyamaza, na kunyamaza huko nalikuja kukujutia.

Siku ya kwanza twalikwenda karibu, ili miguu ipate kuzoea. Twalianza stesheni ya reli. Reli hii ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896, nayo ni ya kwanza katika bara lote la Tanganyika. Toka hapo twalishika njia ya Magila, mwendo usiofika saa moja kwa baisikeli. Ni njia ya udongo mwekundu, katikati ya michungwa, minazi na miembe mikubwa, na mbele yako umesimama mlima Mlinga, wenye urefu wa zaidi ya meta 1,000. Watu wa Universities' Mission walianza kazi Magila mwaka 1868. Kazi ikakatika kwa muda, ikaanzwa upya mwaka 1875. Lipo kanisa la mawe, na mahali penyewe panaitwa Msalabani. Hapo Magila ndipo lilipokuwa likitoka gazeti la Kiswahili lililoitwa Habari za Mwezi, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Mjukuu wangu akastaajabu kusikia ya kuwa Wabondei walikuwa wakisoma gazeti zamani zile. Tukarudi nyumbani adhuhuri.

Siku ya pili ndiyo safari yenyewe. Toka Muheza hata Amani ni kilometa 30 na zaidi kidogo. Si mbali, lakini Muheza iko yapata meta 200 juu ya bahari, na Amani yapata meta 900, na sehemu kubwa ya kupanda huko imewekwa mwisho wa njia, wakati mtu amekwisha choka. Kwa hiyo twaliondoka saa kumi na mbili asubuhi, umande ungali juu ya majani. Atakaye kuifuata njia hii asiende wakati wa masika, maana udongo hunasa magurudumu hata baisikeli ikambeba mwenyewe kwa zamu: leo wewe waipanda, kesho yeye akupanda. Miezi mizuri ni toka Juni hata Septemba.

Mwanzo ni mashamba na vijiji, na watu hukuamkia kabla hujawaamkia. Baadaye huja misaji ya Longuza, miti iliyopandwa kwa mistari, mirefu na minyofu. Humo ndani mna kimya. Majani yake makubwa yaliyokauka hulia chini ya tairi kama makaratasi. Husikii motokaa ila mara chache, na pikipiki ikipita, vumbi lake hutulia na kimya hurudi. Tukapita Kisiwani, hata tukafika Zigi, lilipo lango la hifadhi, na mgeni hulipa ada yake hapo.

Zigi yataka kutazamwa vema. Wajerumani walijenga reli nyembamba toka Tengeni hata hapo, kwa ajili ya kuchukua mbao za msituni. Leo treni haiji, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni imesimama, nayo imefanywa nyumba ya kuwapa wageni habari za msitu. Kijana akaitafuta njia ya reli majanini, asione kitu. Akasema, "Kumbe msitu unaweza kula reli." Ni kweli, ukipewa muda. Na mto Zigi wenyewe hushuka toka milima hii ukatiwa katika bwawa la Mabayani, na maji yake ndiyo yanywewayo mjini Tanga. Mtu afunguaye bomba Tanga hana habari ya miti hii, walakini miti hii ndiyo imtunziayo maji yake.

Toka Zigi hata Amani twalisukuma baisikeli zaidi ya kuzipanda. Njia huzunguka na kuzunguka, na kila kona hewa ni baridi kuliko kona iliyopita. Juu yetu mbega walikuwa wakirukaruka, mikia myeupe ikining'inia, na hondohondo walipita wakipiga mabawa kwa kishindo. Penye miamba na maji nikamweleza habari za ua dogo la rangi ya zambarau lililotoka milima hii. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Tangu hapo limeenea, na leo watu wa Ulaya na Marekani huliweka madirishani katika vyungu, wengine bila kujua ya kuwa kwao ni Usambara.

Katikati ya kilima tukaketi kula. Hapo ndipo nalipomwambia neno nililomchukulia njia hii. Nikasema, "Baba yangu aliipanda njia hii kwa miguu, miaka ya 1930, alipokuwa kibarua Amani. Kazi yake ilikuwa kuchukua vipande vya mihogo na kuvipanda kwa mistari. Sisi watoto twalicheka, maana nani asiyejua kupanda mihogo?"

Baadaye, nalipokuwa mwalimu, nalipata kujua maana ya kazi ile. Kituo cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baada ya vita vya kwanza kikawa cha Waingereza. Katika miaka ya 1930 mihogo ya nchi nyingi ilikuwa ikiharibiwa na ugonjwa wa batobato, majani yakakunjamana na mizizi ikapungua. Wataalamu wa Amani, Storey na Nichols, wakaichanganya mihogo na ndugu yake wa mbali, yaani mti wa mpira wa aina ile iliyopandwa zamani mashambani mwetu. Uzao wake wa kwanza ulikuwa na nguvu za kushindana na ugonjwa, lakini haukuwa na chakula. Ikawapasa kuurudisha kwa mihogo mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka. Mbegu za uzao huo zikapelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na nguvu ile imo hata leo katika mihogo ilimwayo nchi nyingi za Afrika.

Kijana alikuwa na kipande cha muhogo mkononi. Akakitazama. Akauliza, "Na jina la baba yako limeandikwa wapi?"

Nikasema, "Sijaliona popote. Vitabu vina majina ya wataalamu. Waliochimba mashimo hawakuandikwa."

Hakunijibu, akatazama bondeni.

Amani twalilala nyumba ya wageni. Asubuhi tukaona bustani ya miti iliyoletwa toka pande zote za dunia, na chai iliyofunika vilima kama mkeka. Msitu wenyewe ulifanywa hifadhi mwaka 1997. Nikamweleza pia ya kuwa msitu haulindwi bure. Upande wa Derema wako wakulima waliotolewa katika mashamba yao ya iliki, ili sehemu za msitu zipate kuungana. Walilipwa fidia, na wengine wao waliona haikutosha. Atembeaye kivulini na akumbuke ni nani aliyekilipia.

Kisha tukashuka. Nalimwonya, "Kupanda ni kazi ya miguu, kushuka ni kazi ya breki." Kona ya tatu nikamsikia akiita, "Babu, hazishiki!" Raba zake zilikuwa zimekwisha. Kwa bahati alikuwa na akili ya kuielekeza baisikeli kwenye ukingo wa majani upande wa mlimani, si upande wa bonde. Akaanguka, goti likachubuka, na mkono ukatoka damu. Nalitetemeka kuliko yeye, maana nalimwona siku ile alipoziacha, nikanyamaza. Nikamwosha kwa maji ya chupa, tukashuka kwa miguu hata Zigi, kila mtu na baisikeli yake. Fundi wa Kisiwani akatupa raba nyingine, na jua lilipokuwa likitua tulikuwa tumefika nyumbani.

Basi, wasomaji, na hasa ninyi walimu, nimewaandikia njia hii ili mpate kuifuata na watoto wenu. Siku mbili zatosha, na tatu ni bora. Gharama yake ni chakula, ada ya lango na malazi ya usiku mmoja. Kagueni breki zote, za wazee na za vijana.

Usiku ule mjukuu wangu aliomba daftari na kalamu. Akaandika majina ya mahali tulipopita, toka Muheza hata Amani. Chini yake akaniuliza jina la baba yangu, na jina la baba yake, nikamtajia, akaandika yote mawili. Amekwisha rudi Dar es Salaam. Baisikeli ziko ghalani, na breki amezitia raba mpya yeye mwenyewe, zangu na zake.