Kofia ya Pili

Maalim alinunua vespa yake katika mwezi wa Rajabu, akiwa na umri wa miaka 52, baada ya kupanda gari za abiria kwa miaka 23 baina ya Magomeni na skuli ya shamba anakosomesha. Aliyemuuzia alikuwa mzee wa Kikwajuni ambaye macho yake yalikwishaanza kumfanyia hiana, hata magharibi ikiingia hawezi kupambanua mtu na mti. Mzee yule hakusifu injini, wala hakutaja habari za rangi, ambayo kwa kweli ilikuwa imechujuka mpaka haijulikani kama ni kijani au samawati. Alimpa ufunguo, akampa na chupa ndogo ya plastiki iliyopigwa mistari ya wino ubavuni, kisha akamwambia: "Maalim, uhai wa chombo hiki umo ndani ya chupa hii. Siku utakayoisahau utarudi kwenu kwa miguu."

Chupa ile ilikuwa kipimo cha oili. Katika vespa za namna ile, oili ya kulainisha pistoni huchanganywa na petroli ndani ya tangi, sehemu 2 kwa kila 100. Yaani lita 5 za petroli hutaka mililita 100 za oili. Ikizidi, plagi hushika masizi, moshi hufuata nyuma kama wa tanuu la chokaa, na chombo hukataa kuwaka asubuhi mbele ya macho ya majirani. Ikipungua, jambo huwa kubwa zaidi: pistoni hupata moto, hutanuka, hunata ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma hufunga ghafla katikati ya njia. Mpandaji mkongwe husikia dalili mapema kwa mabadiliko ya sauti, akabana klachi. Mgeni hupata habari akiwa tayari yuko chini.

Maalim husomesha hesabu, kwa hiyo mbili kwa mia haikumpa tabu. Kilichomtaabisha ni mikono. Katika vespa, mkono wa kushoto hubana klachi na papo hapo huzungusha gia, moja mpaka nne, hali mkono wa kulia umeshika moto na breki ya mbele, na mguu wa kulia unaingojea breki ya nyuma. Wiki mbili nzima, baada ya sala ya alfajiri, alizunguka katika uwanja wa Maisara, akizima injini kila alipotaka kuondoka na kuondoka kila alipotaka kusimama. Fundi wake, kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake, alikaa juu ya tairi kuukuu akimwelekeza kwa adabu: "Maalim, usiutazame mkono. Mkono unajua. Wewe tazama njia."

Kiswahili hakikuona tabu kumkaribisha mgeni huyu wa magurudumu. Sheria ilimwita chombo cha moto, na watu wakalikata jina hilo, wakasema chombo tu, neno lile lile la jahazi na mashua. Usukani ni ule ule, abiria ni wale wale. Na chombo, kiwe cha baharini au cha barabarani, huulizwa suala moja tangu siku kinaposhushwa: kitampakia nani? Maalim alidhani ananunua uhuru wake. Kumbe alipokuwa hana chombo ndipo alipokuwa huru, maana hakuna aliyemwomba kitu. Sasa alikuwa na nusu ya Magomeni: nipakie mpaka Amani, nifikishie kigunia hiki Darajani, mpeleke bibi yako hospitali, si njia yako hiyo? Kukataa ilikuwa muhali. Kiti cha nyuma cha vespa, hapa Unguja, hakijawahi kuwa mali ya mtu mmoja.

Yafaa ikumbukwe kwamba chombo hiki kilibuniwa na mtu asiyependa pikipiki. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege, alikichorea kampuni ya Piaggio ya Italia, na mwaka 1946 kikaanza kutoka katika kiwanda cha Pontedera kwa jina la Vespa, yaani nyigu. Aliifunika injini ili isimchafue mtu nguo, akaweka ngao mbele ya magoti, akaacha nafasi ya kupitisha miguu bila ya kupanga'a kama mpanda punda. Hakuwa na habari ya kanzu wala buibui. Lakini ni shida kufikiri chombo kingine cha magurudumu mawili ambacho mtu aliyevaa kanzu nyeupe anaweza kukipanda kwenda sala ya Ijumaa akafika kama alivyotoka, au ambacho mwanamke wa mjini anaweza kukaa upande, miguu yote kushoto, akabaki na heshima zake.

Ndiyo maana mandhari ile ya jioni ya Idi imekuwa kama picha iliyotundikwa ukutani mwa kila nyumba: baba yuko usukanini, mtoto wa kiume amesimama mbele baina ya magoti yake na upepo umemjaa kinywani, binti amebanwa katikati, mama nyuma na mkoba wake, wote wanne juu ya nyigu mmoja wakielekea Forodhani. Ni mandhari nzuri. Hakuna aliyekulia mjini Unguja asiyeitamani. Na vichwa vile vinne, kwa kawaida, havina kitu isipokuwa mafuta ya nazi, ushungi na kofia ya kiua.

Siku aliyokwenda Darajani kununua kofia ngumu, Maalim alifuatana na mkewe. Aliijaribu moja, akaitikisa kichwani, akaifunga mkanda, akalipa. Mkewe alikuwa amesimama pembeni.

"Kofia moja," alisema. "Vichwa viwili."

"Wewe utakaa nyuma," Maalim alimjibu. "Nyuma hakuna upepo."

Mkewe hakusema zaidi. Msomeshaji wa hesabu hakuyapima maneno yake hata alipokuwa akiyatamka. Aliyapima baadaye, na yalimtia haya.

Wenye vespa wana baraza yao, na mtu haombi kujiunga. Huonekana tu siku moja akiegesha chombo chake sambamba na vyengine, akaagizwa kahawa. Mkubwa wao walimwita Ami. Mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, hupenda kutoka pamoja kwenda kula samaki pwani ya mashariki, na mara hii walichagua Chwaka. Jumamosi usiku vyombo vilipangwa mbele ya baraza vikakaguliwa. Ami alipita na kurunzi: upepo wa tairi, tairi la akiba, plagi ya akiba, waya wa klachi na wa gia, spana, kadi, bima, leseni. Alifungua kila tangi akanusa, kama mtu anayenusa maziwa. Kisha akapanga safu. Yeye mbele. Mgeni nyuma yake, wala si mwisho, kwa sababu anayewekwa mwisho hukimbia ili asiachwe, na anayekimbia kwa kuogopa kuachwa huanguka. Mwisho kabisa fundi na vyuma vyake. Mwendo ni wa aliye dhaifu. Kwenye njia panda wote husimama mpaka wa mwisho aonekane.

Walikuwa vespa nane, tano kati yake na wake zao nyuma. Walipita Mwera, wakapumzika Dunga karibu na magofu ya kasri ya Mwinyi Mkuu, na hapo waya wa klachi wa mmoja wao ukakatika. Watu wanne walichutama kukizunguka chombo, kila mmoja na rai yake, na kwa robo saa ile hapakuwa na mkubwa wala mdogo, mwenye shahada wala asiyejua kusoma. Wanawake chini ya mwembe walimimina chai ya chupa wakiwacheka. Maalim alisema baadaye kuwa katika miaka yake yote ya kupanda gari za abiria, pancha ilikuwa balaa. Siku ile aliona mtu anaweza kuharibikiwa na chombo akawa na furaha. Huko Chwaka walikula wali wa nazi na samaki wa kuchoma, wakasali laasiri, wakageuza mapema ili giza lisiwakute njiani.

Palikuwa na kona, si kali, na juu ya lami mchanga uliomwagika kutoka kwenye lori. Magurudumu ya vespa ni madogo. Shimo ambalo baiskeli hulipita bila ya kuhisi, vespa hulilipia. Maalim aliuona mchanga, akafanya kosa la kila mgeni: aliutazama, na akabana breki ya mbele. Gurudumu liliteleza kama lililovutwa kwa kamba. Hawakuwa na kasi zaidi ya ile ya baiskeli. Kofia yake iligonga ukingo wa barabara, ikapata mkwaruzo mrefu ubavuni. Yeye hakuumia. Mkewe aliinuka akaketi juu ya majani, akaupapasa ushungi wake, na alipoutoa mkono ulikuwa na damu.

Ami alisimama, akainua mkono kuwazuia waliokuwa nyuma. Hakumlaumu mtu. Aliwaachia wanawake wamfunge jeraha kwa kitambaa, akangoja, kisha akavua kofia yake mwenyewe akaiweka kichwani mwa mke wa Maalim, akamfunga mkanda chini ya kidevu taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto. Safari yote ya kurudi mjini, mzee yule alipanda nyuma yao kichwa wazi, mvi zake zikipeperuka.

Hospitali walimshona nyuzi tatu juu ya sikio, wakamwambia mumewe amchunge usiku ule: akitapika, akizidi kuumwa na kichwa au akiwa mzito kuamka, amrejeshe upesi. Maalim hakulala. Kila baada ya muda alimwita, na kila alipomwita alijibiwa. Mara ya nne alijibiwa hivi: "Bwana, nimelala, sikufa. Niache."

Katika kabati la vitabu la Maalim kuna kisa ambacho wapenzi wa ushairi huenda wanakijua nusu yake. T. E. Lawrence, yule Mwingereza wa vita vya Uarabuni, ndiye pia aliyeifasiri Odyssey ya Homer kwa nathari ya Kiingereza, ikatoka mwaka 1932. Alipenda pikipiki kuliko vyeo. Tarehe 13 Mei 1935, huko Dorset, aliwakwepa vijana wawili wa baiskeli akaanguka, kichwa hakina kitu. Siku sita baadaye akafa. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, ambaye aliendelea kuchunguza vifo vya wapanda pikipiki na mwaka 1941 akachapisha uchunguzi wake juu ya faida ya kofia ngumu. Jeshi lilimsikiliza. Sheria ya Uingereza kwa raia wote ilingoja hadi 1973. Na mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, na ya kufa kwa asilimia 42. Maalim, ambaye anajua asilimia ni nini, alikuwa amemwambia mkewe habari ya upepo.

Wiki iliyofuata walirudi Darajani, na mara hii mkewe ndiye aliyejaribu. Alikwenda na ushungi mwepesi wa pamba, akatoa pini zote za pembeni, kwa kuwa pini chini ya kofia hugeuka msumari. Alikataa kofia zilizokwishavaliwa. Alitaka isiyocheza kichwani wala isiyobana paji la uso, na mkanda unaoruhusu vidole viwili tu chini ya kidevu. Ililipwa kwa fedha zilizowekwa kununulia mapazia ya Idi. Muuzaji alipoiona kofia ya Maalim yenye mkwaruzo, aliigonga kwa kidole, akatikisa kichwa. Kofia iliyoanguka na kichwa ndani yake, alisema, imekwishafanya kazi yake; yale maboya ya ndani yamebonyea na hayafutuki tena. Hii si ya kuvaliwa.

Basi wakawa tena na kofia moja, nayo ilikuwa ya pili. Maalim hakuivaa. Mwezi mzima wa Ramadhani alirudi kwenye gari ya abiria, saumu kifuani na watu magotini, hali vespa imefunikwa kanga uani. Waliomwomba awapakie walimfikiria ameingiwa na choyo. Alipopata mshahara alinunua ya tatu, na tangu hapo kila aliyetaka kupakiwa alipewa kofia kwanza. Wengine waliivaa wakicheka. Shemeji yake mmoja aliitazama ndani, akauliza nani ameivaa jana, akaamua kwenda kwa miguu.

Walibaki watoto. Binti ana miaka 12, mvulana 6, na kofia ya kumtosha mtoto wa umri ule Maalim aliitafuta mjini kote asiipate. Idi ilipokaribia, mvulana alitangaza kwa wenzake kwamba atasimama mbele baina ya magoti ya baba yake kama mtoto wa jirani. Maalim alikaa barazani na suala hili kama lile fumbo la chui, mbuzi na majani ya kuvushwa kwa mashua ndogo, akazipanga safari kwa kila namna, na kila namna ilimwacha mvulana ng'amboni. Mwishowe siku ya Mfunguo Mosi watoto walipelekwa Forodhani na shangazi yao kwa gari. Mvulana alilia tangu mlangoni mpaka kituoni, na baba yake hakuwa na neno la kumpa.

Maalim na mkewe walifika baadaye kidogo. Vijana ukingoni mwa bustani walimwona mama mtu mzima aliyekaa upande na kofia kubwa juu ya ushungi, wakaita, "Mwanaanga! Mwanaanga!" Naye akawapungia mkono.

Chombo kilitiwa stendi chini ya taa, injini ikazimwa, ufunguo ukaingia mfukoni. Mvulana, macho bado mekundu, na urojo umemchirizika mpaka kwenye kanzu mpya, alikizunguka mara mbili pasi na kusema. Kisha akapanda, akasimama mbele penye nafasi ya miguu, akashika usukani kwa mikono miwili. Mama yake alivua kofia akamvisha. Ikamteremka mpaka puani. Maalim akakaa kitini nyuma yake, binti akajibana katikati, mama akakaa upande, miguu yote kushoto.

"Brrrr," alifanya mvulana ndani ya kofia. "Baba, nakwenda Chwaka. Waambie watu watupishe!"